Gari Dogo la Umeme na Mlima wa Chunya

Mtu atakaye kujua kama gari dogo la umeme lamfaa dereva wa kila siku hatalipata jawabu katika vijitabu vya wauzaji, kwa kuwa masafa yanayotajwa humo hupimwa maabara, gari likizungusha magurudumu yake juu ya mapipa ya chuma, pasipo mlima wala upepo wala mzigo wa abiria. Jawabu lataka barabara, na katika nchi yetu ni njia chache ziwezazo kulitoa kwa udhahiri kama ile itokayo Mbeya kwenda Chunya, ambayo haizidi sana kilomita 70, lakini ndani ya masafa hayo mafupi imekusanya takriban kila jambo linalowafanya watu waliogope gari la namna hii: mwinuko mkali, hewa nyepesi, baridi ya alfajiri, mteremko mrefu, na mji wa mwisho ambao hakuna aliyezoea kuudhania kuwa mahali pa kuchajia gari.

Dhahabu ya machimbo ya Lupa ndiyo iliyowaleta watu na magari upande huu katika miaka ya 1920 na 1930, na mji wa Mbeya wenyewe ulikua kwa sababu hiyo. Siku hizi njia ni ya lami. Huanza mjini, kwenye kimo cha takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hupanda ubavuni mwa safu ya milima ya Mbeya mpaka ikavuka mita 2,400, hupita karibu na genge ambalo wageni walilipa jina la World's End, mahali ambapo macho hutandazwa juu ya bonde la Usangu, kisha hushuka kupitia Lwanjilo mpaka Chunya, kwenye kimo cha karibu mita 1,500. Maana yake ni kwamba dereva hupanda mita 750 anapokwenda, na anaporudi hupanda zaidi ya mita 900. Na mwenye kusahau tofauti hiyo ya kwenda na kurudi ndiye atakayekwama njiani jioni.

Magari ninayoyakusudia ni yale ambayo mwalimu, karani au mwenye duka anaweza kuyatamani kwa insafu, nayo aghalabu hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika: Mitsubishi i-MiEV, lililoanza kuuzwa mwaka 2009, lenye uzito wa kilo 1,080 na betri ya uniti 16, na Nissan Leaf, lililofuata mwishoni mwa mwaka 2010, zito zaidi, lenye betri ya uniti 24. Wachina nao walitoa mwaka 2020 Wuling Hongguang Mini EV, ambalo betri yake ndogo kabisa ilikuwa ya uniti 9 na kidogo. Hapa kwetu, mwaka 2022, Masoud Kipanya, ambaye wengi walimjua kwa katuni zake, alizindua Dar es Salaam gari dogo la umeme chini ya jina la Kaypee Motors, na kwa tendo hilo akawaonyesha vijana wa mafunzo ya ufundi kwamba chombo hiki hakina siri ambayo mikono yao haiwezi kuifikia.

Nimetaja uniti kwa makusudi. Uniti moja ya Luku ndiyo kilowati-saa moja, kwa hiyo kila anayenunua umeme wa nyumbani tayari anayo mizani ya kupimia betri ya gari, wala hahitaji elimu nyingine ili aifuate hesabu inayokuja.

Tulichukue i-MiEV, tumtie dereva, abiria wawili na mizigo yao ya mkononi, uzito wote ufike kilo 1,350. Katika barabara tambarare, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari la ukubwa huo hula takriban uniti 11 kwa kila kilomita 100, na kwa hiyo kilomita 70 zataka uniti 7 na robo tatu hivi. Juu ya hizo uongeze gharama ya mlima, ambayo haina kificho, kwa sababu kuinua kilo 1,350 kwa mita 750 ni kazi ya uniti 2 na robo tatu, na ukihesabu kiasi kinachopotea katika mota na nyaya zake zitakuwa 3 na robo. Kisha huja mteremko, ambapo mota hugeuka kuwa jenereta na kuirudishia betri sehemu ya ile kazi. Haiwezi kurudisha yote, lakini uniti 1 na nusu si matarajio ya kupita kiasi. Jumla, gari litaingia Chunya likiwa limekula uniti 9 na nusu. Safari ya kurudi, maadamu mwinuko wake ni mkubwa zaidi, yataka kama 10 na nusu.

Uniti 20, basi, kwa kwenda na kurudi, na betri ni ya 16. Hata gari jipya kabisa haliwezi kuikamilisha safari hiyo pasipo kuchajiwa Chunya. Na anayenunua gari la miaka kumi na zaidi hanunui uniti 16: betri za lithiamu huchakaa kwa umri na kwa matumizi, na iliyobakiwa na asilimia 70 ya uwezo wake hubeba 11 tu, ambazo zitamfikisha mtu Chunya akiwa na moja na nusu mkononi na moyo ukimdunda. Leaf hula zaidi njiani, kama uniti 11, lakini kwa kuwa betri yake ni kubwa, hata ikiwa imechakaa kwa kiasi hichohicho hufika na akiba ya kutosha. Kwa sababu hiyo namshauri mnunuzi wa Leaf asiutazame mwaka wa gari wala rangi yake kabla hajavitazama vijistari 12 vilivyo kando ya kipimo cha betri kwenye dashibodi, ambavyo huonyesha siha ya betri na hupungua kimoja kimoja kadiri inavyochakaa. Gari linalong'aa lenye vijistari vinane litamlipisha mwenyewe kuliko gari lililokwaruzwa lenye kumi na kimoja.

Katika hesabu hii lipo jambo ambalo wengi hawalitarajii, nalo ni kwamba mlima si adui mkubwa. Uniti 3 na robo za kupandia ni chache kuliko nusu ya zile zinazoliwa na umbali wenyewe, na sehemu yake hurudishwa upande wa pili. Anayekula umeme kuliko mlima ni upepo, ambao nguvu yake huzidi kwa kipeo cha pili cha mwendo: dereva aendaye 90 hukutana na upinzani wa hewa uliozidi mara mbili na robo kuliko aendaye 60. Mlima hatuwezi kuuhamisha, bali mguu wa kulia ni wa dereva, naye ndiye mwenye amri juu yake.

Fauka ya hayo, mlimani gari la umeme lina fadhila ambayo gari la petroli halina. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kimo, kwa sababu hewa hupungua ilhali moto wataka hewa. Ndiyo maana gari dogo lililokuwa jepesi kule Dar es Salaam hufika kilele cha njia hii likilia katika gia ya pili, limepungukiwa na zaidi ya humusi ya nguvu zake. Mota ya umeme haivuti pumzi, na nguvu iliyokuwa nayo baharini ndiyo iliyo nayo kileleni. Na wakati wa kushuka, ile kazi ya kurudisha umeme ndiyo breki yenyewe, hata pedi za breki hubaki baridi katika mteremko ambapo magari mengine hunuka moto. Lakini sharti nafasi iwepo katika betri: mtu akaaye juu mlimani, akachaji usiku hadi ijae kabisa, akaondoka asubuhi kwa mteremko, ataona gari haliwezi kupokea umeme tena na breki ya mota imelegea. Mtu huyo aache kuchaji inapofika asilimia 85.

Baridi ya Mbeya, ambayo watu huitaja kama kizuizi, mimi naihesabu katika neema. Kweli betri baridi hutoa umeme wake kwa uzito kidogo asubuhi za Juni na Julai, lakini kinachoiua betri hasa ni joto. Leaf za mwanzo hazikuwa na mtambo wa kupoza betri, na wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, Marekani, walianza kulalamika kufikia mwaka 2012, muda mfupi baada ya kuyanunua, kwamba vijistari vinashuka upesi. Gari la namna hiyohiyo likikaa Mbeya au Iringa lapaswa kudumu kuliko likikaa Tanga au Dar es Salaam, na sijui kwa nini wauzaji wa Nyanda za Juu hawaitaji faida hii.

Kizuizi cha kweli kimo ukutani mwa nyumba. Waya wa kuchajia unaokuja na gari una kisanduku chenye taa ndogo, na kazi ya kwanza ya kisanduku hicho, kabla hakijapitisha umeme, ni kuuliza kama ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, ipo. Kichomeke katika soketi ya nyumba nyingi zilizojengwa kidogo kidogo, chumba kikiongezwa kila mavuno yanapokuwa mema, nacho kitawasha taa nyekundu na kukataa. Fundi akifungua soketi hukuta waya wa kijani umekatwa ukaachwa ndani ya ukuta, au akiufuata mpaka nje hukuta fimbo ya ethi imezamishwa nusu tu katika udongo mkavu wa Chunya, ambao wakati wa kiangazi haupitishi umeme ipasavyo. Wapo wanaoimwagia fimbo hiyo ndoo ya maji ili taa igeuke kijani, nalo ni jambo la hatari, kwa kuwa maji hukauka katikati ya usiku na ulinzi huondoka pamoja nayo.

Taa ikiwa kijani, bado pana swali la waya. Pasi au birika huvuta umeme mwingi kwa dakika chache kisha hupumzika. Gari huvuta ampea 10 kwa saa saba mfululizo. Waya mwembamba uliokusudiwa taa, ukiunganishwa kwa soketi, utapata moto polepole, na dalili yake ya kwanza ni plagi yenye joto unapoishika, na ya pili ni doa la kahawia kuzunguka matundu ya soketi. Dawa yake ni laini ya pekee itokayo kwenye meni swichi, yenye waya wa milimita 4 za mraba, sakiti breka yake, kifaa cha kukata umeme unapovuja, na fimbo ya ethi iliyozamishwa yote. Ni kazi ya siku moja kwa fundi mwenye leseni.

Umeme wenyewe upo. Tangu mitambo ya Bwawa la Mwalimu Nyerere katika mto Rufiji ianze kuwashwa mwaka 2024, bwawa lililoundwa kutoa megawati 2,115, nchi haina sababu ya kuogopa magari machache. Kinachokatika mara kwa mara ni nyaya za usambazaji, na kwa dereva wa mji mdogo nguzo iliyoanguka ina uzito kuliko megawati zote za Rufiji.

Gharama nitaipitia kwa ufupi. Safari ya kwenda na kurudi, ukiongeza kinachopotea wakati wa kuchaji, yataka uniti 23 hivi, na kwa bei ya kawaida ya shilingi 356 kwa uniti, kodi ikiwamo, ni kama shilingi 8,200. Gari dogo la petroli liendalo kilomita 14 kwa lita litakula lita 10, nazo, lita ikiwa shilingi 3,000, ni shilingi 30,000. Aliyezoea bei nafuu ya watumiaji wasiozidi uniti 75 kwa mwezi asidhani ataibakisha. Safari chache tu za Chunya, hata kama nusu ya umeme huchajiwa huko, zikijumlishwa na matumizi ya nyumbani zaweza kumvusha kiwango hicho.

Kwa hiyo hukumu yangu imegawanyika. Mkazi wa Mbeya au Iringa mwenye safari za kazini, shuleni na sokoni, naye ana ukuta wa kuweka soketi yake, gari hili lamfaa leo. Atakaye kwenda Chunya mara kwa mara linamfaa pia, akifuata sharti la kuchaji aendako: akifika saa tatu asubuhi na kuchomeka mara moja, kufikia saa nane mchana betri itakuwa imepokea uniti 10 na ushei, ambazo kwa i-MiEV pamoja na akiba aliyofika nayo ndizo za kumrudisha. Anayetafuta riziki Matundasi, Itumbi na machimbo mengine asilinunue, kwa kuwa betri imelazwa chini ya sakafu, sentimita chache kutoka kwenye mawe, na masika hayataangalia bei aliyoilipia. Wala Mbeya kwenda Iringa, safari ya zaidi ya kilomita 300, si ya gari hili.

Nairobi walilijua jambo hili mapema. Teksi za NopiaRide zilipoanza huko mwaka 2018 kwa magari ya Leaf, wenye kampuni walilazimika kuweka vituo vyao wenyewe vya kuchajia, kwa sababu magari pasipo vituo yasingefanya kazi hata juma moja. Chunya haihitaji kituo kikubwa kwa sasa. Yahitaji wenye nyumba za wageni wawili au watatu, na halmashauri katika uwanja wa ofisi zake, waweke kila mmoja soketi moja yenye waya mnene, ethi ya kweli na mita ndogo ya kuhesabia uniti, ili mgeni alipe alichotumia. Na hilo nawaomba walifanye kabla gari la kwanza halijafika.