Mpira wa Kusikia

Kwa miaka mingi, mashabiki wa Simba na Yanga wa ukanda wa Kilwa na Lindi walizipenda timu zao bila kuziona. Kijana wa Kilwa Kivinje wa miaka ya 1970 aliweza kukutajia kikosi kizima, namba kwa namba, akakueleza nani ana mguu wa kushoto na nani mvivu wa kukaba, ilhali yeye mwenyewe hajauvuka Mto Rufiji. Na kuuvuka haikuwa kazi ndogo. Masika yakiingia, barabara ya kusini iligeuka tope, mabasi yakalala njiani, abiria wakakesha Ndundu wakisubiri kivuko. Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa mwaka 2003, na hata baada ya hapo kipande cha kutoka Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwatesa wasafiri kwa miaka. Gazeti lilifika likiwa la kufungia vitumbua. Redio peke yake ndiyo iliyofika siku ileile, dakika ileile.

Ndiyo maana ukiniuliza nani aliyewatia watu wa pwani hii ugonjwa wa mpira, sitakutajia mchezaji. Nitakutajia watangazaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam: Ahmed Jongo, Mshindo Mkeyenge, Charles Hilary na wenzao.

Tazama walichotakiwa kufanya. Wachezaji 22 wanakimbia kwa wakati mmoja, na wewe una mdomo mmoja. Mpira unasafiri haraka kuliko sentensi. Kabla hujamaliza kutaja jina la beki aliyeupiga, umeshafika kwa winga. Lazima uchague, na uchague papo hapo, kipi kisemwe na kipi kiachwe. Mtangazaji hodari alianza na mahali: mpira uko upande gani, unaelekea goli lipi. Jina la mtu lilifuata baadaye. Wingi ya kulia, katikati ya uwanja, karibu na kibendera cha kona, nje kidogo ya kumi na nane. Msikilizaji aliyekwishajua mpira ulipo aliweza kusubiri jina kwa nusu sekunde. Asiyejua ulipo, hata umtajie majina kumi, anasikia kelele tu.

Waingereza waliligundua hilo mapema. Januari 1927 BBC ilipotangaza mchezo moja kwa moja kwa mara ya kwanza, nao ulikuwa wa raga, Uingereza na Wales pale Twickenham, walimweka mtu kipofu mbele ya mtangazaji wao, Teddy Wakelam, ili amsimulie yeye. Wiki moja baadaye wakatangaza mpira wa miguu, Arsenal na Sheffield United, na gazeti la vipindi vya redio likachapa ramani ya uwanja iliyogawanywa kwa miraba yenye namba, msikilizaji aifuate kwa kidole. Kilwa haikuchapiwa ramani na mtu. Miraba yote ilipaswa kutoka kwenye koo la mtangazaji, na ikatoka.

Sauti hiyo ilifika kwa shida, tusisahau. Redio za mtaa zilihesabika, na mwenye redio siku ya mechi alikuwa mtu mzito. Betri za National zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu za dakika 90. Waya wa antena ulipandishwa juu ya mwembe. Mawimbi nayo yalikuwa na tabia zao: sauti inakuja, inazama, inaibuka tena watu wanashangilia, na nyinyi hamjui nani kafunga. Barazani kila mmoja anamwambia mwenzake anyamaze, na huko kunyamazishana ndiko kunakoongeza kelele. Ilibidi mtangazaji awe na akili ya kulijua hilo naye yuko mbali. Ndiyo sababu wazuri wao walirudia matokeo kila baada ya dakika chache, tena na majina ya wafungaji. Hawakuwa wamesahau kwamba wameshayasema. Walijua kuna mtu ndiyo kwanza ameshusha tanga, anapanda kutoka pwani na mtungo wa samaki mkononi, na la kwanza analouliza ni: ngapi ngapi?

Mwaka uliowafunga watu kabisa, kwa maoni yangu, ni 1979. Vita vya Kagera vilikuwa vimewazoesha watu kukaa karibu na redio. Kisha Simba ikakutana na Mufulira Wanderers ya Zambia katika Klabu Bingwa Afrika, ikafungwa 4-0 hapa hapa Dar es Salaam. Hakuna aliyekuwa na hoja. Marudiano yalikuwa Lusaka, na Simba ikashinda 5-0. Hebu fikiria habari hiyo inavyoingia sikioni mwa mtu wa Mchinga au Pande, bao moja baada ya jingine, bila picha, bila marudio, bila mtu wa kumpigia simu kuhakikisha. Bao la kwanza unalipokea kama faraja. La tatu linakusimamisha. La tano huliamini, lakini aliyelisema hajawahi kukudanganya. Hapo ndipo ninapoona thamani kamili ya kazi ile. Siku ambayo ukweli wenyewe unafanana na uongo, msikilizaji hana ushahidi mwingine zaidi ya sauti ya mtu mmoja, na anakubali.

Mwezi Agosti mwaka huohuo Taifa Stars ikaenda Ndola, ikatoka sare ya 1-1 na Zambia kwa bao la Peter Tino, ikafuzu fainali za Mataifa ya Afrika za Lagos za mwaka 1980. Tulikaa miaka 39 kabla ya kurudi kwenye fainali hizo. Kwa muda wote huo bao la Tino liliishi zaidi masikioni kuliko machoni.

Lakini ushindi humbeba mtangazaji yeyote. Kipimo ni siku ya kushindwa, na hapa mfano wangu ninaoupenda unatoka mbali, kwenye raga ya ligi, ile ya wachezaji 13 iliyozaliwa Huddersfield mwaka 1895 klabu za kaskazini mwa Uingereza zilipojitenga ili ziwalipe wachezaji fidia ya mshahara wanaoukosa kwa kuacha kazi wakacheze. Sauti ya mchezo huo kwenye BBC ilikuwa ya Eddie Waring. Watu wa kwao wengi walimlaumu kwamba anaugeuza mchezo wao kichekesho cha watu wa kusini. Fainali ya kombe mwaka 1968, Wembley ikiwa imelowa chapachapa, Wakefield Trinity walikuwa nyuma ya Leeds kwa 11-10, dakika ya mwisho, na Don Fox, aliyekwisha kuchaguliwa mchezaji bora wa siku ile, akapewa mpira wa kupiga mbele kabisa ya milingoti. Akaukosa. Waring, mtu wa maneno mengi, alimhurumia kwa maneno mawili tu. Sidhani kama kuna shabiki wa raga wa kizazi kile aliyeyasahau.

Mwaka 2025 ulituondolea watangazaji wawili: Leonard Mambo Mbotela wa Kenya mwezi Februari, na Charles Hilary mwezi Mei, akiwa msemaji wa Serikali ya Zanzibar baada ya kupita Redio Tanzania, Radio One, Deutsche Welle, BBC na Azam. Waliobaki kazini wamekulia kwenye televisheni, na inasikika. Mtangazaji wa leo anatangaza redioni kana kwamba mimi naona: anataja majina, anatania, anasoma tangazo la kampuni ya kubeti wakati timu iko ndani ya kumi na nane, kisha anapiga ukelele wa goli na mimi sijui hata mpira ulipitia upande gani. Sauti anayo, tena nzuri. Uwanja ndio hana.

Siku hizi Lindi ina mechi za kutazama. Zamani kulikuwa na Kariakoo ya Lindi na uwanja wa Ilulu, na tangu msimu wa 2019/20 kuna Namungo ya Ruangwa, iliyopanda Ligi Kuu ikamaliza ya nne katika msimu wake wa kwanza, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, na mwaka uliofuata ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mtu anatoka Lindi mjini asubuhi, anamwona Simba au Yanga kwa macho yake pale Uwanja wa Majaliwa, na jioni yuko kwake. Na bado jukwaani utawakuta wazee wameshika simu sikioni, wanasikiliza matangazo ya mechi iliyo mbele yao. Wanataka kujua dakika ya ngapi na nani kaingia. Zaidi ya hapo, wanataka kubisha. Mtangazaji akisema mpira ulikuwa umetoka, wanamjibu kwa sauti kwamba haukutoka, tena wanaonyesha kwa kidole pale ulipokuwa.