Mpira Wenye Uzito

Juzi nilikaa pembeni ya binti mmoja anayetengeneza katuni za tovuti, nikamtazama akihangaika na mpira. Ni duara jekundu tu: linaanguka, linadunda, linatulia. Angeweza kuumaliza kwa mistari michache ya msimbo akaenda zake kunywa chai, lakini alikaa nao asubuhi nzima. Ulipokaribia ardhi aliurefusha kidogo. Ulipogusa aliubonyeza, na papo hapo akaupanua ubavuni, maana mpira ukibonyea bila kupanuka jicho huona umepungua. Kule juu, kabla haujaanza kushuka tena, aliuchelewesha kwa fremu mbili. Nikamuuliza fremu hizo ni za nini. Hakunijibu, alizifuta, akauchezesha tena. Kumbe! Nilichokiona sasa kilikuwa doa linalopanda na kushuka.

Maarifa hayo ni ya wazee. Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney tangu miaka ya 1930, waliyaeleza katika kanuni 12 kwenye kitabu chao cha mwaka 1981. Filamu zao zilikwenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Simu zetu kwa kawaida huonyesha 60 au zaidi, na bado tunaona vitu vinavyoelea ovyo kana kwamba havikuumbwa na uzito.

Mafundi wa kwanza wa tovuti walifundishwa na dhiki. Mwaka 1996 ilitoka programu ya kutengenezea katuni iitwayo FutureSplash, ikanunuliwa na Macromedia, ikawa Flash. Enzi hizo intaneti ilipita kwenye waya wa simu, na modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde ilikuwa ya kujivunia. Sisi wa intaneti kafe tulilipia muda, jicho moja kwenye skrini, jingine kwenye saa ya ukutani. Fundi aliyetaka katuni yake itufikie kabla pesa hazijaisha alilazimika kuuhoji kila mwondoko: mkono huu una haja gani ya kusogea? Alichora mguu mmoja akautumia safari nzima. Aliusimamisha mwili wote, akaacha kope zipepese kwa wakati wake, na mhusika akawa hai. Katuni za Homestar Runner, ambazo tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2000, ziliishi kwa ubahili huo: mhusika mkuu haonekani hata mikono, na watu walicheka hadi machozi.

Flash yenyewe siililii. Ilikuwa na matundu ya usalama, na ilikula betri. Steve Jobs wa Apple aliikataa hadharani Aprili 2010, na Adobe, walioirithi, waliacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2020. Ninachokililia ni ule ubahili uliozikwa pamoja nayo.

Siku hizi bando limekuwa jepesi, na mkono umekuwa mwepesi zaidi. Fungua tovuti yoyote ya kuuza viatu: kichwa cha habari kinashuka, picha zinaingia kutoka kando, kitufe kinatetemeka kama mtu mwenye homa, na bei uliyoifuata bado haijatokea. Anayejifunza leo hupewa mwendo uliokwisha pimwa na mwingine. Asipouchagua, kivinjari humchagulia. Hajawahi kukaa kutazama jani likianguka akajiuliza linasita wapi. Wapo wasomaji wanaoshikwa na kizunguzungu kwa miondoko hiyo. Simu zimewawekea mpangilio wa kupunguza miondoko, na kivinjari humwezesha mtengenezaji kuuheshimu, kwa mistari michache tu. Ni wangapi huiandika?

Kazi za zamani zina waokozi. Internet Archive imehifadhi maelfu yake, na programu ya Ruffle huzichezesha bila Flash. Lakini faili huokolewa kwa kunakiliwa, na jicho halinakiliki. Jicho hurithiwa kwa kukaa pembeni ya anayejua, kukosolewa, na kurudia. Yule binti alinieleza kwamba mteja wake hatauona utofauti wa fremu zile mbili, wala hatazilipia. Itafika siku naye achoke kuzitoa sadaka, na hatutajua ni nini kimetutoka, kwa kuwa tumeshazoea madoa.