Uhakiki wa Matumizi ya Nadharia ya Fraktali katika Kueleza Muundo wa Jeli za Protini Zilizogandishwa kwa Joto

Protini ikipashwa joto hukunjuka na kufunua sehemu zake zisizopatana na maji. Kisha molekuli hushikamana na kujenga mtandao unaohifadhi maji. Sura ya mtandao hutegemea mazingira. Beta-laktoglobulini, protini ya maziwa, ikipashwa joto katika pH 7 penye chumvi kidogo hutoa jeli angavu ya nyuzi nyembamba. Karibu na pH 5.2, ambapo jumla ya chaji zake hukaribia sifuri, hutoa jeli nyeupe ya chembechembe, inayoachia maji kwa urahisi.

Watafiti wengi hubainisha muundo huo kwa vipimo vya reolojia, wakiegemea nadharia ya Shih na wenzake (1990). Kwa mujibu wa nadharia hiyo, moduli ya unyumbufu hukua kulingana na kipeo fulani cha ukolezi, na kutokana na kipeo hicho hukokotolewa kipimo cha fraktali (D), kinachoonesha msongamano wa mafungu ya chembe.

Ubora wa nadharia ni wepesi wake: grafu moja hutoa namba moja. Udhaifu umo humo humo, kwani kipeo kimoja hukubali tafsiri mbili. Chukulia kipeo ni 4. Ikiwa viungo baina ya mafungu ni dhaifu kuliko mafungu yenyewe, kipeo ni 1/(3−D), na D huwa 2.75. Ikiwa viungo ni imara, kipeo ni (3+x)/(3−D). X, inayohusu uti wa fungu, ikichukuliwa kuwa 1, D huwa 2. Tafsiri ya kwanza inadai mafungu yaliyosongamana, ya pili mafungu yenye uwazi mwingi, ilhali data ni zile zile.

Nadharia yenyewe inatoa kigezo cha kuamua: ukolezi ukiongezeka, mpaka wa mgeuko wa umbo ambamo moduli haibadiliki hupanuka viungo vikiwa dhaifu, na hupungua vikiwa imara. Utafiti unaotaja D bila kupima mpaka huo umechagua jibu kabla ya kuuliza swali.

Aidha, Shih na wenzake waliijaribu nadharia kwa jeli za bohemaiti, ambazo ni chembe ngumu za madini. Protini hubadilika umbo wakati wa kuganda, na jeli ya nyuzi nyembamba haina mafungu ya aina hiyo. Kwa hiyo, D inafaa kuchukuliwa kuwa dhana ya kuthibitishwa kwa hadubini ya elektroni, na si ushahidi wa muundo unaojitosheleza.