Kokoto Zisizokuwepo

Juzi, nyuma ya duka la chuma chakavu mjini Lodwar, niliona impela tatu za pampu zimetupwa juu ya rundo la sufuria zilizotoboka. Niliinua moja. Mgongoni mwa mabawa yake, karibu na mdomo unaopokea maji, chuma kilikuwa kimeliwa vishimo vishimo, kama gogo lililohamwa na mchwa. Kwingineko ilikuwa nzima: tundu la shafti halijalegea, ukingo haujapasuka. Ingepona. Mwenye duka aliiweka kwenye mizani pamoja na sufuria, bei moja ya kilo, nami nikamkumbuka mzee ambaye asingekubali ipimwe hivyo.

Kwetu ni Kaaleng. Nilipokuwa mdogo tulinyweshea mbuzi kwenye kisima cha ukingoni mwa laga, na pampu ya dizeli ndiyo iliyovuta maji. Kiangazi kimoja sauti yake ilibadilika, ikawa kama inameza kokoto. Vijana waliifungua, wasikute hata jiwe moja. Wakaifunga, wakaiwasha, kokoto zikarudi, na maji yakazidi kupungua. Ndipo fundi akaitwa kutoka Lodwar. Aliteremka kwenye lori na mfuko mdogo, akatoa bisibisi, ncha akaiweka kwenye nyumba ya pampu na mpini sikioni, akafumba macho. Kina mama wenye mitungi wakanyamaza. Nadhani hata mbuzi walinyamaza, ingawa huenda ni kumbukumbu yangu inayowanyamazisha.

"Hakuna jiwe humu," akasema. "Ni maji yanachemka."

Sisi watoto tulicheka, tukatumbukiza mikono ndani ya birika. Yalikuwa ya baridi.

Alikuwa amesema kweli. Maji huchemka kwa moto, lakini huchemka pia yanapoondolewa mgandamizo. Kisima kikishuka, pampu hujinyima pumzi ikivuta, na nyuma ya bawa mgandamizo huanguka hadi maji yageuke mvuke, viputo vidogo kuliko punje ya wimbi. Viputo hivyo husukumwa mbele hadi penye mgandamizo mkubwa, na huko hupondwa ghafla. Kila kimoja kikipondwa kando ya chuma hukipiga kama ncha ya sindano. Joto letu huongeza ubaya, kwa kuwa maji yaliyolala kwenye bomba jeusi tangu asubuhi yanahitaji kuvutwa kidogo tu yachemke. Charles Parsons, Mwingereza aliyeunda meli ya Turbinia, aliutumia ujanja huohuo wa joto mwaka 1895: alijaza maji ya moto kwenye chombo kidogo ili aone viputo vikizaliwa kwenye rafadha, baada ya meli yake kukosa mbio aliyoitarajia. Mwaka 1917 Lord Rayleigh akapiga hesabu ya nguvu ya kiputo kinachopondwa. Mzee wetu alikuwa na bisibisi.

Miaka ya baadaye nilipokuwa nasoma Lodwar nilipita kwake kila jioni, na ndipo nilipoona dawa yenyewe. Kwanza alikitafuta chuma kizima. Alichimba kwa grainda mpaka weusi wote wa vishimo ukaisha, maana kuchomelea juu ya chuma kilicholiwa ni kufunga kidonda chenye usaha. Kisha akaipasha impela nzima juu ya makaa, taratibu, hadi tone la maji likiirukia lidunde. Chuma cha kumimina hupasuka upande mmoja ukiwa moto na mwingine baridi. Rodi zake zilikuwa za nikeli, ghali, akizitunza ndani ya mkebe wa biskuti kando ya jiko zisiingie unyevu. Alichomelea mstari wa urefu wa kidole gumba, akaacha, akashika nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo na kuugongagonga ukiwa bado moto. Mshono ukipoa hujikunja na kuvuta, aliniambia, na nyundo huulegeza. Mstari mwingine. Nyundo tena.

Alipomaliza aliifukia ndani ya mchanga wa mto Turkwel aliokuwa ameukaanga juu ya bati. "Usiifukue hata ukiona usiku mrefu," akaniambia. "Upepo ukiigusa utasikia ta! Basi, kazi imekwisha." Asubuhi tuliitoa ikiwa na uvuguvugu kama paji la mtoto mwenye homa.

Hapo ndipo kazi ninayoipenda zaidi ilipoanza. Alikata kigezo cha bati kwa umbo la bawa lisiloliwa, akachonga kwa tupa hadi lile lililotibiwa lilingane nalo, akasugua kwa msasa. Halafu akapitisha ukucha. Ukucha ulipokwama, alirudia, kwa sababu mkwaruzo mmoja ndio unaoita kiputo kipya. Nusu siku nzima aliitumia kulainisha sehemu ambayo, pampu ikishafungwa, hakuna jicho lingeiona. Na kule Kaaleng alikuwa amekataa kuifunga impela yetu mpaka tuchimbe jukwaa na kuishusha pampu karibu na maji. Ngozi njema, alisema, haimponyi anayezidi kupigwa.

Juu ya mto huohuo liko bwawa la Turkwel, ukuta wa mita 153, na mitambo miwili ya aina ya Francis, ya megawati 53 kila mmoja, inayotoa umeme tangu 1991. Magurudumu ya jamii hiyo, popote duniani, huugua ugonjwa huuhuu, na matibabu ni yaleyale kwa kipimo kikubwa: kuchimba, kujaza kwa chuma kisichoshika kutu au kwa aloi ya kobalti, kulinganisha na kigezo, kusugua.

Siku hizi vishimo hupakwa gundi ya chuma, juu yake rangi ya buluu, na pampu hurudi ikimetameta. Gundi hiyo ni nzuri pale adui anapokuwa mchanga. Chini ya viputo hubanduka vipande vipande, na kokoto husikika tena kabla mbuzi hawajazaa. Pampu za sola za visima virefu ninazifurahia, zimewapunguzia mama zetu mzigo mkubwa. Lakini zikiharibika, nani anazifungua? Tunasubiri kipuri kutoka Nairobi huku mifugo ikitembea. Banda la mzee sasa linauza kava za simu. Vijana wawili aliowafundisha waliondoka kutafuta kazi mbali kabla hajafariki.

Niliinunua ile impela kwa bei ya sufuria. Nyumbani niliisugua kwa mafuta ya taa, na kwenye bawa la tatu, katikati ya chuma kilichotafunwa, pakatokea kiraka cheupe kidogo chenye upana wa kidole gumba, kirefu kama sikio la mbuzi. Pande zote kilikuwa kimezungukwa na mashimo. Nikapitisha ukucha juu yake. Haukukwama.