Siri Iko kwenye Maji ya Tambi

Testaccio, mtaa wa Roma uliokuwa na machinjio ya jiji hadi 1975, una mgahawa uitwao Felice, uliofunguliwa 1936. Mteja akiagiza cacio e pepe, mhudumu huleta tambi za moto zilizorundikiwa jibini na pilipili manga, akashika kijiko na uma, akaanza kuvuruga palepale mezani. Anazikoroga, anazinyanyua, anazigeuza. Punde jibini inakuwa mchuzi mweupe mzito unaong'aa, ulioshikamana na kila tambi. Krimu haimo, siagi haimo.

Nyumbani mambo huwa mengine: jibini inashikana madonge kama uji uliokorogwa vibaya, na maji matupu yanabaki chini ya sahani.

Wengi hulaumu jibini. Kumbe tatizo ni joto. Pecorino Romano, jibini ya chakula hiki, hutengenezwa kwa maziwa ya kondoo, na protini zake zikifika nyuzi 65 hivi za Selsiasi huanza kunasana, mafuta yakajitenga. Ndiyo sababu jibini huchanganywa sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Kinga yake ni wanga, ambao huzizuia protini zisinasane hata joto likizidi kidogo.

Wanga kiasi gani? Mwaka 2025 kundi la wanafizikia, wengi wao Waitalia, lilichapisha jibu. Ukiwa chini ya asilimia 1 ya uzito wa jibini, madonge hayaepukiki. Asilimia 2 hadi 3 inatosha. Yaani gramu 200 za jibini zinataka gramu 5 tu za wanga wa mahindi au viazi, uliokorogwa kwa maji na kupashwa mpaka unate. Utafiti huo ukawapa tuzo ya Ig Nobel, ile ya sayansi inayochekesha kwanza, kisha kufikirisha.

Mpishi wa mgahawani hana haja ya mizani. Maji yaleyale huchemshia sahani baada ya sahani, na kila fungu la tambi huacha wanga wake humo, hivyo kufikia saa tatu usiku yamekuwa mazito. Madoido ya mezani yanapendeza, lakini sehemu ngumu ilishamalizwa jikoni. Anayepikia watu wawili kwa lita nne za maji anauzimua wanga wake mwenyewe. Apunguze maji, tambi zifunikwe tu, na jibini isubiri mpaka mvuke upungue.