Majina ya Kiswahili katika The Lion King

Katika historia ya kampuni ya Walt Disney, iliyoanzishwa mwaka 1923, filamu ya katuni The Lion King (1994) ni hatua kubwa. Kwa Kiswahili ni hatua ya kutiliwa shaka. Simba na Rafiki ni nomino za kawaida. Pumbaa ni kitenzi kilichogeuzwa jina, nacho kinamfaa ngiri yule. Lakini fisi ameitwa Shenzi. Tusi hilo watu wa pwani waliwabandika watu wa bara. Mtazamaji wa Goma, naye wa bara, atalichekaje? Tena, mwaka 2003 kampuni hiyo ilisajili nchini Marekani "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara kwa mavazi, ilhali Them Mushrooms wa Kenya walikwisha kuyaimba maneno hayo mwaka 1982. Filamu ilipotiwa sauti za Kiafrika, lugha iliyochaguliwa ilikuwa Kizulu.