Ridhaa na Mali: Usawiri wa Portia katika Mabepari wa Venisi na Hali ya Mwanamke katika Sheria ya Ndoa Tanzania

Portia wa tamthilia ya Shakespeare, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi (1969), ni rahisi kusomwa kama kielelezo cha mwanamke shujaa. Anaingia mahakamani, anamshinda Shylock kwa hoja, na anamwokoa Antonio ambaye wanaume wa mji mzima wameshindwa kumsaidia. Usomaji huo una msingi, lakini unaishia pale ambapo swali zito linaanzia. Ujasiri hautoshi kuwa kipimo cha hadhi ya mhusika wa kike. Vipimo vinavyofaa zaidi ni viwili: nani anaridhia ndoa yake, na nani anabaki na mali baada ya ndoa hiyo.

Kwa kipimo cha kwanza, Portia ni tajiri asiye na uamuzi. Marehemu baba yake ameacha masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, na mchumba atakayechagua lile lenye picha ya binti ndiye atakayemwoa. Binti hachagui wala hakatai. Inaweza kudaiwa kwamba utaratibu huo haukumdhuru kwa kuwa aliyefaulu ni Bassanio, mtu aliyempenda. Dai hilo ni dhaifu. Mwanamfalme wa Moroko angeinua sanduku la risasi badala ya la dhahabu, Portia angekuwa mkewe, na wosia ungehesabiwa kuwa umetimia vilevile.

Miaka miwili baada ya tafsiri kuchapishwa, Tanzania ilipata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo ilidai ridhaa ya wanandoa wenyewe, jambo ambalo wosia wa Belmont haukulijua kabisa. Hata hivyo, kifungu cha 13 kilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 huku mvulana akisubiri hadi 18, na kifungu cha 17 kilimtaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate kibali cha baba. Mama aliulizwa ikiwa tu baba amefariki. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakinzana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kati ya tafsiri na hukumu hiyo ya mwisho imepita nusu karne, muda ambao sanduku la baba lilikuwa bado mezani.

Kipimo cha pili kinamweka Portia mahali pagumu zaidi. Bassanio anapolipata sanduku sahihi, Portia anatangaza kwamba nyumba, watumishi na nafsi yake vimekuwa vya mume. Hayo si maneno ya mapenzi matupu. Yanaafikiana na sheria ya Uingereza ya wakati huo, ambayo haikumpa mke mamlaka kamili juu ya mali yake hadi mwaka 1882. Sheria ya Tanzania inamtambua mke kama mmiliki. Tena katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu (1983), Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Ila mdai mwenyewe hakuambulia sehemu ya nyumba, kwani mahakama iliona kuwa fungu lake lilikwisha kutoka katika fedha alizopewa na mumewe hapo awali.

Suala la mavazi linahitaji uangalifu. Wahusika wa kike katika tamthilia hii ni watatu, Portia, Nerissa na Jessica, na wote watatu wanavaa nguo za kiume. Katika Kiingereza kila kiwakilishi cha kiume kinachomtaja mwanasheria huyo kinathibitisha upya uongo wake. Kiswahili hakina mzigo huo, kwa kuwa yeye na kiambishi a- havibainishi jinsia; kinachobaki kumficha Portia ni joho na majina ya heshima. Hili lisitiwe chumvi, maana sarufi isiyo na jinsia haijawahi kuwa ushahidi wa usawa miongoni mwa wazungumzaji wake. Nje ya jukwaa, Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1961 kilimpokea Julie Manning bila kumtaka ajigeuze mwanamume. Aliteuliwa kuwa Jaji wa Mahakama Kuu, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria.

Hata hivyo, kuwapo kwa mwanamke katika kiti cha sheria hakujibu swali la anachokifanya akiwa hapo. Mwishoni mwa kesi, Antonio anapendekeza kwamba mali ya Shylock irithiwe na Lorenzo, aliyetoroka na Jessica, pamoja na Jessica mwenyewe, na kwamba nusu iliyo mikononi mwa Antonio ikabidhiwe Lorenzo. Jessica hayupo mahakamani wala haulizwi. Anayemwamuru karani aandike hati hiyo ni Portia.